Hofu Isiyo na Msingi juu ya Sinema ya Kiswahili cha Katanga

Katika mijadala ya utamaduni nchini Kongo imo imani iliyokita mizizi kiasi kwamba wanaoishikilia hawaoni tena haja ya kuitetea, nayo ni kwamba taifa kubwa huhitaji sinema yenye lugha moja, na kwamba filamu inayosema kama wasemavyo watu wa mitaa ya Lubumbashi ya Kamalondo, Kenya au Katuba inafaa kuchekesha tu, kwa maana ikithubutu kugusa jambo zito itaamsha upya ule utengano wa Katanga uliodumu tangu Julai 11, 1960 hadi Januari 1963. Wanaoamini hivyo hupenda kuitaja China, wakidai kwamba Wachina wamefika mbali kwa kuwa ni watu wamoja wenye lugha moja, na dai hilo humwingia kwa urahisi mkazi wa Lubumbashi aliyeona makampuni ya Kichina yakishika migodi, kuanzia mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008 hadi ununuzi wa Tenke Fungurume mwaka 2016. Imani hiyo haiielewi China, na Lubumbashi inaielewa kwa uchache zaidi.

Kinachoitwa Kichina ni jamii ya lugha ambazo wasemaji wake huweza kusoma gazeti moja lakini wakizungumza hawaelewani: Kimandarini cha kaskazini kilichofanywa lugha ya dola, Kikantoni cha Guangzhou na Hong Kong, Kihokkien cha Fujian na Taiwan, na nyingine nyingi. Maandishi huweza kuuficha utofauti huo, ila sinema, ambayo ni sanaa ya sauti kama ilivyo sanaa ya picha, haina mahali pa kuuficha, na ndiyo maana kila utawala uliotaka kuwafanya Wachina waonekane kitu kimoja umejaribu kuidhibiti lugha ya filamu.

Taiwan ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Chama cha Kuomintang, kilichohamia kisiwani humo baada ya kushindwa na Wakomunisti bara, kilitawala kwa sheria ya kijeshi tangu mwaka 1949 hadi Julai 1987, kikawaadhibu watoto waliosema Kihokkien shuleni, na kikaelekeza fedha na heshima zake kwa filamu za Kimandarini. Filamu za Kihokkien zilizoanza kushamiri mwaka 1956, ambazo zilipita elfu moja kwa idadi, zilikuwa karibu kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pamoja nazo lilizikwa jambo ambalo halikuruhusiwa kutajwa hadharani, yaani mauaji ya maelfu ya raia yaliyoanza Februari 28, 1947. Sheria ya kijeshi ilipoondolewa, mwongozaji Hou Hsiao-hsien alitoa mwaka 1989 filamu ya Beiqing chengshi, yaani Mji wa Huzuni, ambamo familia moja inapita katika miaka hiyo huku wahusika wakisema Kihokkien, Kijapani, Kikantoni, Kimandarini na lahaja ya Shanghai, kila mtu akisema lugha ambayo historia ilimpa. Mhusika mmojawapo, mpiga picha aliyechezwa na mwigizaji wa Hong Kong asiyejua Kihokkien, alifanywa bubu na kiziwi, akawa anaandika badala ya kusema, na katika bubu huyo watazamaji walikiona kisiwa kizima kilichonyamazishwa. Filamu hiyo ilishinda Simba wa Dhahabu huko Venice, na miaka sita baadaye, mwaka 1995, Rais Lee Teng-hui aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Hakuna anayeweza kudai kwamba filamu ndiyo iliyoleta radhi hiyo, lakini hakuna pia anayeweza kuonyesha kwamba kusikika kwa Kihokkien kwenye sinema kulikivunja kisiwa. Kilichovunjika ni ukimya.

Hong Kong ilipita njia kama hiyo kwa kasi zaidi. Mwaka 1972 filamu za Kikantoni zilikuwa zimekaribia kwisha kabisa katika mji ambao wakazi wake wengi ni Wakantoni, na mwaka uliofuata Chor Yuen, akiwatumia waigizaji waliojulikana katika televisheni, akatoa filamu ya Kikantoni kuhusu wapangaji wa nyumba moja ya makabwela iliyoingiza fedha nyingi mjini humo kuliko hata ile ya Bruce Lee ya mwaka huohuo, ambayo vijana wa dunia nzima, wa Lubumbashi wakiwemo, waliipenda bila kujua kwamba mwaka huo, kwao, Bruce Lee hakuwa mshindi wa kwanza.

Mfano unaopaswa kumgusa Mkatanga kuliko mingine yote, hata hivyo, unatoka China bara. Kati ya mwaka 1999 na 2001 Wang Bing alipiga picha katika wilaya ya Tiexi mjini Shenyang, ambako viwanda vikubwa vya serikali vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, akatengeneza filamu ya saa tisa, Tie Xi Qu, ambamo wafanyakazi wa kaskazini-mashariki husema kwa lahaja yao huku tanuru za kuyeyushia madini zikizimwa. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 na chini ya tani 40,000 mwaka 1994, kisha ikawaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya elfu kumi mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, inastahili saa tisa zake, na lugha ya saa hizo haiwezi kuwa Kifaransa cha taarifa za kampuni.

Wazo kwamba lugha ya hapa ni ya vichekesho tu lina wazazi wanaojulikana. Ukoloni wa Kibelgiji uliwatenganisha watazamaji kwa rangi ya ngozi, ukawatengenezea Wakongo filamu zao za mafunzo na mizaha, kama zile za Matamata na Pilipili alizozitoa padri Albert Van Haelst katika miaka ya 1950. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi lilikwisha kuupindua urithi huo. Mwaka 1986, Mobutu akiwa bado madarakani, kundi hilo lilitunga na kuigiza mbele ya kamera za televisheni mchezo wa Kiswahili kuhusu methali isemayo kwamba utawala huliwa mzima, yaani haugawanywi, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akauandikia kitabu kizima. Watu waliosema wazi kiasi hicho juu ya madaraka, katika miaka hiyo, walikuwa wachekeshaji wa Kiswahili cha mjini.

Leo hali ni ya kutia uchungu. Filamu ya Makala, inayomfuata mchoma makaa akisukuma baiskeli iliyolemewa na magunia hadi Kolwezi na ambayo husikika kwa Kiswahili cha huku, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017, ila mwongozaji wake ni Mfaransa. Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopigwa kwa sehemu mjini humu na kutuzwa Cannes mwaka 2023, ilipelekwa kwenye mashindano ya Oscar na Ubelgiji. Frank Mukunday na Tétshim, waliotengeneza hapahapa katuni ya Machini mwaka 2019 kwa mawe na chaki ili kuonyesha mji unaotiwa sumu na viwanda, walithibitisha kwamba kipaji hakikosekani. Kinachokosekana ni watawala wa utamaduni wanaoamini kwamba kipaji hicho ni cha taifa.

Hoja nzito ya wapinzani ni ya miaka ya 1992 na 1993, pale mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko, wakalala kwenye stesheni wakisubiri treni. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito wake, na jibu lake limo katika historia ya lugha yenyewe. Kiswahili cha Katanga hakikuwa lugha ya kabila lolote. Kilikua katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière miongoni mwa wafanyakazi walioletwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mjini humu mwaka 1947 katika familia yenye asili ya Kasai, ndiye aliyeisimulia historia ya Kongo nzima kwa Kiswahili hicho na kwa michoro yake katika miaka ya 1973 na 1974. Aliyefukuza na aliyefukuzwa walisema lugha ileile, walikuwa wamenunua nayo mkate na kuzikiana nayo kwa miongo kadhaa. Anayeshikilia kwamba filamu ya miaka ile itengenezwe kwa Kifaransa au kwa Kilingala ili umoja wa taifa usidhurike anapaswa kueleza ni kwa njia gani mtazamaji atatambua kwamba watu wale walikuwa majirani.