TIMU B ZA MATAJIRI ZITOKE KWENYE LIGI YA WATU!

Leo naweka pembeni stori za nani kaachana na nani. Kuna ishu huko Adelaide, Australia, imenikaba kooni na nitaisema kama ilivyo. Majina ya mabosi sitaji, wakisoma watajijua wenyewe.

Kwa wageni kidogo. Adelaide ndio mji mkuu wa jimbo la South Australia. Pale kuna ligi ya mpira wao wa Kiaustralia, ule unaochezwa na mpira wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, goli lina nguzo nne. Ukipiga katikati ya zile nguzo mbili ndefu unapata pointi 6, ukipitisha pembeni unaambulia 1. Ligi hiyo inaitwa SANFL. Chama chake kilianzishwa mwaka 1877, yaani miaka 11 kabla ya ligi ya Uingereza ambayo nyie mnagombania vijiweni kila wikiendi. Fainali ya 1976 kati ya Sturt na Port Adelaide iliingiza watu 66,897. Kwa hiyo anayesema hii ni ligi ya mchangani akae chini kwanza.

Juu yake kuna ligi ya taifa, AFL, ndio yenye hela. Adelaide ina klabu mbili humo: Adelaide Crows walioingia 1991, na Port Adelaide walioingia 1997. Kila klabu ya AFL ina wachezaji wengi kuliko wanaoweza kucheza wiki moja. Wanaobaki nje, na wanaotoka kwenye majeraha, lazima wapate mechi mahali. Mahali gani? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Zamani mambo yalikuwa hivi. Mchezaji wa Crows au Port akikosa namba wiki hiyo, anarudi kwenye klabu ya SANFL aliyopangiwa. Norwood ana wake, Glenelg ana wake, Sturt ana wake. Shabiki wa Norwood anamwona staa wa AFL akiwa ndani ya jezi ya Norwood, anatoka jasho kwa ajili ya Norwood. Fresh kabisa, kila mtu anapata chake.

Kuanzia 2014 wakabadilisha. Crows wakaingiza timu yao ya akiba ndani ya SANFL kama timu kamili. Port nao wakaichukua timu yao ya SANFL, wale Magpies wa jezi nyeusi na nyeupe, wakaigeuza kuwa timu ya akiba ya ile ya AFL. Mastaa wote waliokuwa wametawanyika mtaani wakakusanywa, wakarudishwa kwa wenyewe. Ligi ikawa na timu 10: nane zinazotafuta ubingwa, mbili zinazotafuta dakika za mazoezi.

Na hapa naomba mnielewe vizuri. Sisemi timu za akiba zina nguvu sana. Ninachosema ni kwamba hazikuja kwa kazi ile ile waliyokuja nayo wenzao. Klabu kama West Adelaide ikiingia uwanjani inataka kushinda, basi. Timu ya akiba inaingia na karatasi ya maagizo kutoka juu: huyu anatoka kwenye goti, mpe nusu mechi. Huyu tunataka kumjaribu nyuma, hata kama mbele anafunga. Huyu mtoe mapema, tutamhitaji wiki ijayo. Kocha wa timu ya akiba hata akitaka kushinda kutoka moyoni, kikosi sio chake. Kikosi kinapangwa kwenye ofisi nyingine, kwa ajili ya mechi nyingine, kwenye ligi nyingine.

Matokeo yake ni nini? Wiki ambayo AFL hakuna majeruhi, timu B inashuka imejaa wanaume wa kazi. Wiki ambayo majeruhi ni wengi, inashuka na watoto na watu wa kuokoteza. Sasa wewe klabu ya mtaa, umejiandaa mwaka mzima, wachezaji wako wana kazi zao mchana na mazoezi jioni, bahati yako inategemea umekutana nao wiki gani. Yaani msimamo wa ligi unaandikwa na daktari wa timu ambayo haipo hata kwenye ligi hiyo. Hilo mnaliita mashindano?

Najua kuna watakaosema, "Mbona hawajawahi kubeba ubingwa, unalia nini?" Sawa, tuangalie. Mwaka 2014, mwaka wa kwanza tu wa huu mfumo, Port wakafika fainali ya SANFL na wakafungwa na Norwood kwa pointi 4. Mwaka 2017 wakafika tena, wakafungwa na Sturt kwa pointi 1. Pointi moja jamani! Mwaka 2019 wakafika tena, Glenelg wakawazuia kwa pointi 28, na Glenelg walikuwa hawajabeba tangu 1986. Fainali tatu ndani ya miaka sita. Halafu unaniambia hakuna hatari kwa sababu mwizi hajafanikiwa kufungua mlango?

Tena hiyo ya 2014 itazameni vizuri. Jumamosi timu kubwa ya Port ilikuwa Melbourne inacheza nusu fainali ya AFL na Hawthorn, ikafa kwa pointi 3. Jumapili yake timu ya akiba ikacheza fainali ya SANFL nyumbani Adelaide, ikafa kwa pointi 4. Jiulizeni, kama ile timu kubwa ingetolewa mapema, nani wangeshuka kucheza fainali na Norwood? Kombe la ligi iliyoanza 1877 linategemea ratiba ya watu wengine.

Na kama mnataka mfano wa mwizi aliyefungua mlango kabisa, nendeni jimbo la jirani, Western Australia, kwenye ligi yao ya WAFL. Kule klabu ya Fremantle ya AFL ilifunga ndoa na klabu ndogo ya Peel Thunder mwaka 2014, wachezaji wake wa akiba wote wanacheza huko. Peel walikuwa kwenye ligi tangu 1997 hawajawahi kubeba hata kombe la kunywea chai. 2016 wakabeba. 2017 wakabeba tena. Zote mbili aliyelizwa ni Subiaco. Watu wa Peel nawapongeza, furaha ni furaha. Ila msitake tuamini kwamba ni dawa ya asili iliyofanya kazi pale.

Upande wa pili wa shilingi pia upo hukohuko. West Coast Eagles waliingiza timu yao ya akiba WAFL mwaka 2019. Ilipofika 2022 klabu nzima ikaandamwa na majeruhi na korona, hadi timu kubwa ikawa inaokoteza watu wa kujazia. Unadhani timu B ilibaki na nani? Na ligi hizi timu zikilingana pointi zinatenganishwa kwa uwiano wa ulichofunga na ulichofungwa. Kwa hiyo anayekutana na timu B iliyochoka anajipigia mabao ya bure na kupanda juu, aliyekutana nayo ikiwa na watu wake imekula kwake. Iwe na nguvu au iwe nyanya, timu ya akiba inaharibu hesabu ya wengine.

Haya, tuje kwenye hoja yao kubwa: hela. Vilabu vidogo viliridhia vyenyewe mwaka 2013, hakuna aliyeshikiwa panga. Waliambiwa mapato yataingia na watu watakuja uwanjani. Na klabu za AFL nazo zina haki yao, nazikubalia hilo: kocha anataka vijana wake wote wajifunze mfumo mmoja, chini ya benchi moja. Inaeleweka.

Ila mtu mwenye njaa akisaini karatasi, usimwambie alisaini kwa kupenda. Na huyo aliyewawekea karatasi mezani ni nani? Crows waliundwa na SANFL yenyewe. Leseni za Crows na Port za kucheza AFL zilikuwa mikononi mwa SANFL kwa miaka mingi. Mama kazaa, kalea, kasomesha, mtoto kapata kazi mjini, karudi nyumbani na kumwambia mama ahamie jikoni yeye alale chumbani. Ndicho kilichotokea.

Na wanaoumia kuliko wote wala sio Norwood. Ni mashabiki wa Port wenyewe. Port Adelaide ni klabu ya 1870, makombe 36 ya SANFL, la mwisho 1999. Ile ilikuwa timu ambayo mji mzima unaichukia, na ukiifunga unalala na jezi. Leo ukiifunga umefunga nini? Umefunga mazoezi ya watu. Adui wa miaka zaidi ya 100 kageuzwa kuwa chumba cha kupashia misuli moto. Shabiki wa Port aliyerithi timu kwa babu yake anakwenda uwanjani kuangalia nani amepona.

Kitu kingine hawakisemi: njia ya vijana. Kuna beki mmoja mkubwa wa AFL, simtaji, mashabiki wa mchezo mmeshamjua. Kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapo Turkana kwa majirani zetu Kenya, wazazi kutoka Sudan Kusini. Kabla klabu ya Sydney haijamchukua mwaka 2013, alikuwa anacheza East Fremantle, klabu ya WAFL. Klabu za namna hiyo ndizo zinazomchukua kijana asiyejulikana, zinampa jezi na timu za vijana za kupitia. Timu ya akiba ya Crows haina timu ya vijana kwenye SANFL. Inakuja kuvuna, kulima walime wengine. Ukiziua klabu zinazolima, kijana mwingine wa namna ile atapitia wapi?

Tufanyeje basi? Mimi nasema AFL waanzishe ligi yao ya akiba ya nchi nzima, walipe wenyewe. Watasema Australia ni kubwa, Perth mpaka Melbourne ni zaidi ya kilomita 2,500. Mbona timu kubwa zinaruka kila wiki? Wapakieni na wa akiba. AFL walitangaza mkataba wa televisheni wa dola za Australia bilioni 4.5 kwa miaka saba, 2025 hadi 2031. Bilioni nne na nusu halafu nauli ya vijana inawashinda? Kama hawataki, basi warudishe ule utaratibu wa zamani, wachezaji watawanywe kwenye vilabu vya mtaa.

Na msiseme ligi itakufa bila wao. Mwaka 2020, mwaka wa korona, Crows na Port hawakupeleka timu SANFL. Ligi ilichezwa na vilabu nane vilevile, fainali ikapigwa, Woodville-West Torrens wakabeba kombe lao. Hakuna aliyekufa.

Hata huku kwenye mpira wa miguu wenzao walishaona. Hispania timu B haiwezi kukaa daraja moja na mama yake. Mwaka 1980 Castilla, timu B ya Real Madrid, ilifika fainali ya kombe la mfalme ikakutana na Real Madrid yenyewe, ikala 6-1. Baadaye wakazipiga marufuku timu B kwenye kombe hilo. Uingereza walipoingiza vijana wa klabu kubwa kwenye kombe la madaraja ya chini msimu wa 2016/17, mashabiki wakagoma kwenda viwanjani. Watu wanajua timu na wanajua mazoezi, huwezi kuwauzia kimoja kwa tiketi ya kingine.

Nimemaliza. Wewe wa upande wa "lakini hela jamani", njoo hapo chini na hoja, matusi baki nayo kwako. Swali langu ni moja tu na naomba ulijibu bila kuzunguka: timu ambayo kocha wake hapangi kikosi chake, inacheza ligi gani?