Gongo Ipimwe, na Majibu Yarudi Kijijini

Ukipita Katoro, Nyarugusu au Rwamagasa jioni, wachimbaji wanapopanda kutoka maduarani, utaona madumu ya njano yamefungwa nyuma ya pikipiki. Dumu moja lina maji. Jingine lina dizeli. Jingine lina gongo. Kwa macho tu huwezi kujua lipi ni lipi. Hata dumu la gongo lenyewe, huwezi kujua kwa macho kuna gongo gani ndani yake. Leo tuzungumze juu ya jambo hilo.

Sote tunajua kuwa kutengeneza gongo bila leseni ni kosa. Sheria ya pombe ya moshi ni ya mwaka 1966. Tangu wakati huo mitambo mingi imevunjwa na watu wengi wamefungwa. Hata hivyo gongo bado inapikwa Geita, inapikwa Kahama, na inapikwa Maganzo. Polisi wana kazi yao, nasi hatuwazuii. Lakini ukurasa huu ni wa afya. Sisi tunauliza swali jingine: mtu aliyekunywa usiku wa leo, kesho ataamka? Na akiamka, ataona?

Swali hilo si la kutisha watoto. Ziko aina mbili za kileo ambazo ni lazima uzijue. Ya kwanza inaitwa ethanoli. Hiki ndicho kileo kilichomo katika bia, katika pombe ya mtama na katika gongo ya kawaida. Ya pili inaitwa methanoli. Hii hutumika viwandani, kwa mfano katika rangi, vanishi na vitu vya kuyeyushia. Methanoli ni sumu. Vijiko viwili vya chai vinaweza kumpofusha mtu mzima. Vijiko viwili vikubwa vinaweza kumwua.

Ubaya wake ni kwamba methanoli inafanana na ethanoli. Rangi ni ile ile ya maji. Harufu inakaribiana. Hata ladha haisaidii. Na inalevya, basi mnywaji hudhani mambo ni ya kawaida.

Wengine husema, "Mimi ninajua kupima. Namwaga kidogo, nawasha kibiriti. Moto ukiwa wa bluu, gongo ni nzuri." Ndugu msomaji, hicho si kipimo. Ethanoli huwaka bluu. Methanoli nayo huwaka bluu, na ikiwaka peke yake mchana moto wake hauonekani vizuri. Zikichanganywa, kibiriti hakitakuambia lolote. Kinaonyesha kwamba kuna kileo kinachowaka, basi.

Methanoli hiyo inatoka wapi? Mara nyingi mama anayepika gongo ndiye anayelaumiwa. Lakini sukari, mahindi au mihogo ikichachishwa na kupikwa vizuri hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya watu wengi kwa mara moja hutokea pale mtu anapoongeza kemikali ya kiwandani ili dumu moja liwe matatu, au ili pombe hafifu ipate nguvu. Anaweza kuwa mpishi. Anaweza kuwa mchuuzi wa katikati. Anaweza kuwa mwenye kilabu. Zaidi ya hayo, katika sehemu zetu za machimbo kuna mapipa mengi yaliyokuja na kemikali. Pipa lililobeba sianidi halifai kuwekwa kitu cha kunywa, hata likioshwa mara 10.

Jirani zetu wamekwisha pata msiba huu. Mwezi Aprili 2010, huko Uganda, hasa wilaya ya Kabale, watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi yenye methanoli. Mwezi Mei 2014, huko Kenya, makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko. Wengine walipona lakini wakapofuka. Kumbuka kuwa Kenya ilikuwa imekwisha badili sheria yake mwaka 2010, ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa masharti. Kuruhusu peke yake hakukuwaokoa wale watu, kama vile kukataza peke yake hakutuokoi sisi.

Habari ya tatu ndiyo inayonifanya niandike leo. Mwezi Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, huko Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe haramu. Serikali ya Kenya ilieleza kuwa pombe hiyo ilikuwa imekwisha kamatwa. Ilikuwa imewekwa katika kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi. Ikaibwa, ikauzwa tena, watu wakanywa.

Fikiri vizuri juu ya jambo hilo. Sheria ilikuwa imefanya kazi yake. Pombe ilikuwa imekamatwa. Lakini mnywaji hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia, "Kuna pombe ya namna hii, ikifika kwenu msiiguse." Kielelezo kilikuwa cha mahakama. Hakikuwa cha kijiji.

Sasa tuangalie wenzetu wa mbali waliojaribu njia nyingine. Huko Uholanzi, tangu mwaka 1992, uko mpango wa serikali wa kupima dawa za kulevya. Mtu mwenye kidonge alichonunua mtaani hukipeleka mahali palipowekwa. Haulizwi jina. Hakamatwi. Kidonge kinapimwa, naye anaambiwa kilichomo. Huambiwa pia wazi kuwa hakuna dawa ya kulevya iliyo salama. Mwezi Desemba 2014 wapimaji hao walikuta vidonge vya rangi ya waridi vyenye sumu ambayo wanunuzi hawakuitegemea. Walitangaza mara moja, hata kwenye televisheni, wakaeleza rangi ya kidonge na alama iliyo juu yake. Vidonge hivyo hivyo viliingia Uingereza, na hapo watu 4 walikufa katika majuma machache. Uholanzi hakikutangazwa kifo hata kimoja. Sumu ilikuwa moja. Watu wa upande mmoja walipata habari, wa upande wa pili hawakupata.

Utasema, "Uholanzi ni tajiri, sisi tutaweza wapi?" Ndugu msomaji, vifaa si mbali. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza. Kazi yake moja ni kupima vitu vilivyokamatwa ili mahakama ijue ni kitu gani. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, chupa ikitoka Geita asubuhi haikai tena ikingoja kivuko. Kinachotakiwa ni utaratibu, na makubaliano kati ya afya, polisi na kijiji.

Mimi nadhani utaratibu uwe hivi. Mtu yeyote mwenye wasiwasi na gongo aruhusiwe kupeleka chupa ndogo katika zahanati. Iwe chupa ya kioo, safi, iliyofungwa vizuri, maana methanoli huruka hewani kama spiriti. Asiionje. Aandike mahali ilipopatikana na siku. Jina lake lisiandikwe. Chupa ipewe namba, kama tunavyofanya kwa damu inayopimwa virusi vya UKIMWI. Bwana Afya au Bibi Afya aipeleke Mwanza. Vivyo hivyo, polisi wakikamata gongo, sehemu ndogo ipimwe kwa ajili ya afya bila kungoja siku ya kesi, na iliyobaki ilindwe kisha imwagwe kwa amri ya mahakama mbele ya mashahidi. Kirinyaga imetuonyesha kwa nini.

Majibu yakiwa mabaya, yasikae ofisini. Hapa Usukumani hatuna shida ya kupeleka habari. Sungusungu walianza huku kwetu, pande za Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kila kijiji kinajua maana ya yowe. Yowe lililoita watu kumfuata mwizi wa ng'ombe linaweza kutangaza pia kuwa kuna dumu la sumu. Litajwe soko, litajwe duara, itajwe siku dumu lilipoingia. Redio nazo zitangaze. Zahanati za jirani zipigiwe simu zikae tayari.

Hapo ndipo wengine watakasirika. Watasema, "Huyu anafundisha watu kunywa gongo. Mnywaji afe, ni shauri lake." Nimesikia maneno haya hata kutoka kwa watu wa dini na watu wa serikali. Siyakubali. Anayekufa ana watoto. Anayepofuka atashikwa mkono na binti yake, na binti huyo ataacha shule. Hasara inarudi kijijini.

Zaidi ya hayo, taifa letu limekwisha kubali njia hii katika jambo gumu kuliko gongo. Mwezi Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watu waliotawaliwa na heroini. Mgonjwa hufika kliniki, hunywa dawa mbele ya mhudumu, na hachomi tena sindano iliyopita kwa watu watano. Wakati ule walikuwapo waliosema serikali inawapa walevi ulevi mwingine. Huduma ikaendelea, ikaongezwa katika mikoa mingine, na hata Mwanza, katika Hospitali ya Sekou Toure, ipo. Wataalamu huiita kazi ya namna hiyo kupunguza madhara. Maana yake ni kumlinda mtu asife leo, ili kesho apatikane wa kumshauri aache.

Sharti moja lizingatiwe sana. Zahanati isimwambie mtu hata siku moja, "Gongo yako ni salama." Chupa moja ikiwa haina methanoli, hiyo ni habari ya chupa hiyo tu. Dumu la kesho ni dumu jingine. Na gongo isiyo na methanoli bado ni kali sana. Huharibu ini. Anayeteremka duarani akiwa amelewa huteleza, akaanguka juu ya wenzake. Basi jibu liwe la namna mbili tu: "Tumekuta sumu," au "Sumu tuliyoitafuta hatukuikuta katika chupa hii."

Neno kwa akina mama wanaopika. Najua wengi wenu hamkuanza kwa kupenda. Ada ya shule, mume aliyekwenda machimboni asirudi, shamba lisilotoa pamba. Ninyi ndio mnaojua kabla ya Mkemia Mkuu kuwa mchuuzi fulani amekuja na chupa ngeni akisema, "Ongeza hii kidogo." Lakini mama akijua kuwa akisema atafungwa yeye, atanyamaza. Kwa hiyo viongozi wa wilaya, nawaomba mkae na polisi mwandike neno moja lieleweke: anayeleta chupa ya kupimwa, au anayeleta mgonjwa aliyekunywa, hakamatwi kwa kuleta. Bila neno hilo, mambo mengine yote niliyoyasema ni karatasi tu.

Wakati utaratibu huo bado haujafika kijijini kwako, shika haya. Aliyekunywa methanoli kwanza hulewa kama kawaida. Halafu hupata nafuu, akadhani ni uchovu. Sumu hujitokeza baada ya saa nyingi, mara nyingi kati ya saa 12 na 24, na huchelewa zaidi kama alikunywa na pombe nyingine. Kichwa kinauma. Tumbo linauma, anatapika. Anahema haraka haraka. Macho yanaona ukungu mweupe, au anauliza kwa nini taa haijawashwa na kumbe ni mchana. Ukisikia neno hilo la ukungu, usimwache alale ili "pombe imtoke". Huenda asiamke.

Usimpe maziwa ukidhani yataondoa sumu. Usimtapishe. Usimpe gongo nyingine. Ni kweli kwamba hospitalini mganga anaweza kutumia ethanoli kuzuia methanoli isigeuke sumu kali mwilini. Lakini yeye hutumia kileo safi, kwa kipimo, na hupima damu. Wewe una dumu usilolijua. Mlaze ubavu, mtafutie pikipiki au gari, nenda naye. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuhitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine hizo zipo Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kila saa inayopita inamaliza macho yake.

Ukifika, usiseme ni malaria ili kuficha aibu. Mwambie mganga: amekunywa gongo, saa ngapi, mahali gani, na nani wengine walikunywa naye. Kama kuna chupa iliyobaki, ichukue. Kisha mtume mtu mara moja akawaamshe wale wengine majumbani kwao, hata kama wanasema ni wazima.