Nguvu za Askari Zisingoje Vyuma vya Bei

Miaka mingi iliyopita, nikiwa zamu ya usiku pamoja na mwenzangu katika barabara kuu, lori lilipinduka mbele yetu likaingia mtaroni. Dereva alikuwa hai, tena akizungumza, lakini miguu yake haikuweza kumbeba, na mafuta yalikuwa yakivuja. Sisi wawili tulikuwa vijana, hatujatimiza miaka minne tangu tutoke chuoni, na kila mmoja wetu alikuwa na sifa ya kukimbia maili 3 bila kutweta. Tuliteremka kwa fahari, tukamshika yule dereva makwapani, tukashindwa kumpandisha. Tulijaribu mara tatu, tukateleza mara tatu. Waliomtoa ni wakulima wawili waliokuja mbio na taa ya mafuta, watu wembamba wasiopata kupigishwa kwata hata siku moja, ambao kazi yao ilikuwa kupakia mikungu ya ndizi katika magari. Dereva alipona. Aibu yangu haijapona hadi leo.

Tangu usiku ule nimekuwa na neno moja la kuwaambia ndugu zangu wa jeshi, polisi na magereza. Sisi hufanya mazoezi yasiyogharimu kitu, yaani mbio na pushapu, kisha tunaacha kuvuta, kuinua na kubeba, kwa hoja kwamba mambo hayo yanahitaji ukumbi wenye vyuma vya bei kubwa. Hoja hiyo haina msingi, na madhara yake huonekana siku ile ile ambayo askari anahitajiwa kwa mikono yake.

Hapana shaka Uganda ina haki ya kujivunia miguu ya askari wake. John Akii-Bua alikuwa polisi alipotwaa nishani ya dhahabu ya mbio za meta 400 za kuruka viunzi katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akitumia sekunde 47.82, muda ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, alikuwa mtumishi wa magereza. Na Joshua Cheptegei, aliyeshinda meta 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni polisi. Vijana wetu wanayajua majina hayo, nao hudhani kwamba miguu ndiyo mwanzo na mwisho wa afya ya askari. Wachache wanajua kwamba Akii-Bua, alipokuwa akijiandaa chini ya mwalimu wake Malcolm Arnold, aliviruka viunzi huku amevaa fulana iliyoongezwa uzito. Nayo fulana hiyo ni kitu gani, ikiwa si nguo yenye mzigo ndani? Tia kilo 10 za mchanga katika mifuko miwili ya nailoni, uifunge vyema, uipange ndani ya shanta na kuikaza mgongoni. Hapo unacho kifaa cha namna ile ile.

Hata wenye fedha wamelazimika kukiri jambo hili. Jeshi la Marekani, ambalo halikosi pesa za vyuma, kwa muda wa miaka ipatayo 40 liliwapima askari wake kwa pushapu, kwa kulala na kuinuka, na kwa mbio za maili 2. Mwaka 2022 likaanza rasmi kutumia mtihani mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza haukuonyesha kama askari anaweza kuinua na kuburuta kitu kizito. Sasa askari huinua chuma kutoka ardhini, huburuta mzigo kwa kamba, na hubeba vyuma viwili vya ratili 40 kila kimoja, yaani kilo 18, akienda navyo mbio na kurudi. Na tupige hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo jerikeni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na ushee. Wake zetu na watoto wetu wanaokaa katika leni za polisi huifaulu sehemu hiyo ya mtihani wa Marekani kila asubuhi wakitoka bombani, wala hakuna anayewapandisha cheo.

Jerikeni, basi, ndiyo chuma cha maskini, na ina faida moja ambayo chuma cha dukani hakina: ni mizani vilevile. Anayeanza atie lita 10. Aikumbatie kifuani, achuchumae hadi mapaja yalingane na ardhi, kisha asimame. Ainame mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja juu ya kiti, na kwa mkono wa pili aivute jerikeni mpaka ubavuni. Aisukume juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mwishowe achukue mbili, moja kila mkono, aende nazo hatua 40 na kurudi. Wiki ya pili aongeze lita moja, na ya tatu nyingine. Mwili haujengwi na kazi ile ile inayorudiwa, bali na kazi inayozidi kidogo ile ya jana, na hili ndilo tunalolisahau. Askari aliyepiga pushapu 30 kila asubuhi kwa miaka 10 amezihifadhi nguvu za pushapu 30, hakuongeza kitu. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Akiweka miguu juu ya kitanda, au akavaa ile shanta, au akashuka polepole kwa hesabu ya nne, 12 zitamtosha na zitamzidi.

Maji yakiwa mepesi kwako, tia mchanga mkavu, na jerikeni ile ile itakaribia kilo 30. Lakini mshikio wa plastiki haukutengenezwa kwa uzito huo. Niliwahi kuuona ukikatika juu ya vidole vya mtu. Ni heri wakati huo uhamie kwenye gunia. Chukua magunia mawili, moja ndani ya jingine, utie mchanga katika mifuko midogo ili uweze kuongeza na kupunguza, ushone mdomo kwa uzi wa katani. Anza na kilo 20, na usione haya kukaa hapo mwezi mzima. Gunia halina mshikio, nalo hulegea na kuhama mikononi kama alegeavyo mtu aliyezimia. Ndiyo sababu nalipenda kuliko chuma. Laiti ningalizoea kulitoa gunia chini na kulipandisha begani, yule dereva asingalingoja wakulima.

Kuvuta ndiko kunakotupungukia kuliko yote. Tawi imara la mwembe linatosha. Asiyeweza kujivuta hata mara moja apande juu ya kiti, ashike tawi kidevu kikiwa juu yake, kisha ajishushe taratibu. Baada ya wiki kadhaa kushuka kutamfundisha kupanda. Asiye na mti achukue mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, mkuukuu usio na nyufa, auzungushe kwenye nguzo na kuuvuta kifuani.

Lakini kuna kizuizi kingine kisichohusu fedha, nacho nitakisema ingawa kitawaudhi baadhi ya maafande. Chuoni, ni lini tulibeba jerikeni za maji juu ya vichwa vyetu? Tulipochelewa gwarideni. Ni lini tulipiga pushapu mpaka tukaanguka? Kitufe kilipokosekana katika shati. Tulifundishwa kwa miezi mingi kwamba kazi ya misuli ni adhabu, kisha tunashangaa kwamba koplo mwenye miaka 35, ambaye hakuna tena wa kumwadhibu, haigusi kazi hiyo kabisa. Mwalimu anayemtoza kuruta pushapu 50 kwa kosa la kiatu kichafu anadhani anamtia adabu na nguvu kwa pamoja. Maoni yangu ni kwamba anamharibia vyote viwili. Kuruta mchafu na asafishe choo. Pushapu ziachwe ziwe heshima.

Nao umri haumngoji mtu. Kuanzia miaka 30 hivi, mwili usiotumikishwa hupoteza misuli yake kidogo kidogo kila mwaka, na nafasi hiyo hujazwa na tumbo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima aifanyishe kazi misuli yake yote mikubwa walau siku mbili kwa wiki, mbali na mbio au matembezi. Siku mbili au tatu, nusu saa kila siku, hata mwenye zamu mbaya anaweza kuzipata. Lakini asizitafute mara tu atokapo katika zamu ya usiku, kwa maana mwili uliokosa usingizi huumia upesi. Aliyepita miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, apimwe kwanza, tena asizuie pumzi anapoinua. Na asidhani ni lazima anunue unga wa makopo unaouzwa mjini kwa wanaotaka vifua. Maharage, njugu, mayai akiyapata, na dagaa wa ziwani vinatosha.

Nasikia mara kwa mara kwamba vituo vitajengewa kumbi za mazoezi. Na zijengwe. Ila ukumbi mmoja wa makao makuu hautamfaa konstebo aliye katika kituo cha mpakani, ambaye ana chumba kimoja, mke, watoto wanne na uwanja wa vumbi. Kwake yeye naomba bomba moja la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili zilizochimbiwa kina cha mkono mzima, pembeni mwa uwanja wa gwaride, na magunia sita matupu kutoka stoo. Mchanga upo. Gharama yake haizidi ile ya gurudumu moja la gari la doria, na mkuu wa kituo anaweza kulisimamisha Jumamosi moja bila kungoja barua ya mtu, mradi yeye mwenyewe awe wa kwanza kulishika.