Nafasi ya Pili ni ya Wavulana Tu?

Wadau, leo nimekuja na ugomvi. Hizi hadithi za mapenzi ambazo sisi vijana wa kambi tunatumiana kwenye simu nimezisoma nyingi, na sasa naweza kukusimulia ijayo kabla mwenyewe hajaiandika. Kijana na binti wanapendana, wamekutana kwenye kwaya. Jina la kijana linatoka kwenye ubao, anaenda Marekani. Binti analia mpaka basi linapotea kwenye vumbi. Miaka inapita, simu zinakatika. Huko ng'ambo kijana anaishi na mwanamke mwingine, tunaambiwa eti upweke ulimzidi. Siku moja anarudi na begi la magurudumu, ananukia vizuri, na binti yuko palepale, hajaolewa, hajazaa, hata kunenepa hajanenepa. Anamsamehe. Mwisho. Watu wanaweka mioyo myekundu.

Mimi nauliza, huyo binti alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa anaishi wapi, mgao ulipopunguzwa alikula nini? Mwandishi hana habari. Amemweka kwenye kabati kama shati la sikukuu, akirudi alikute limekunjwa vilevile.

Sasa geuza. Binti ndiye aliyeishi na mwanaume mwingine kwa sababu upweke ulimzidi. Ana mtoto wa miaka minne. Kijana anarudi. Nani kati yetu anaandika kwamba kijana anasamehe? Mimi sijaikuta. Nimekuta za kijana anayegeuka na kuondoka "kwa uchungu", na sisi wasomaji tunamhurumia yeye.

Ndugu zetu wa mashirika, msicheke, na nyinyi mmo. Mnatupa daftari na kalamu, mnasema andikeni kuhusu mapenzi ya vijana, halafu mnaongeza kwamba hadithi lazima iwe na ujumbe. Ujumbe tunaujua tangu darasa la tano: binti anapenda, anapata mimba, anaacha shule, anajuta, picha ya mwisho amekaa chini ya mti peke yake. Nia ni nzuri, sikatai. Mimba za utotoni ni tatizo kubwa hapa, na anayezunguka vijijini kila wiki kama mimi anaziona. Lakini huyo binti wa kwenye bango ana miaka 16! Maisha yake yote bado yako mbele, na nyinyi mmeshafunga kitabu.

Hata serikali imetutangulia. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa inamfukuza shule mwanafunzi aliyepata mimba, tena bila njia ya kurudi shule ya kawaida. Novemba 2021 ilitangaza kwamba akishajifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Utekelezaji una mambo yake, hiyo ni habari nyingine. Ila wizara nzima imeweza kusema binti anarudi, halafu sisi wenye miaka 22, tunaojiita waandishi, kwenye hadithi ya kubuni isiyogharimu hata shilingi, tunashindwa.

Wengine wataniambia ndivyo jamii yetu ilivyo, mwandishi anaandika anachokiona. Sawa. Basi msomeni Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu wakubwa waliona aibu. Baba anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua tu! Binti anakua hajui lolote kuhusu wanaume isipokuwa kuogopa, akipata uhuru anaharibikiwa. Mwishoni Charles anataka kumuoa, kisha anagundua kwamba si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Kezilahabi naye aliandika alichokiona, lakini hakukipamba. Ukimaliza kitabu kile unamkasirikia Zakaria, unamkasirikia Charles, unaikasirikia dunia nzima iliyoweka kipimo kwa mwanamke peke yake. Hadithi zetu zinataka tumpigie Charles makofi.

Halafu kuna huu uongo wa "naenda, nitakuita". Huu ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu dada zetu wanausoma na kuuamini. Sheria ya Marekani inamruhusu mkimbizi aliyepokelewa kule kuomba mke au mume wake amfuate, na ombi lipelekwe ndani ya miaka 2 tangu afike. Lakini ndoa iwe ilikuwepo kabla hajaingia kule. Mchumba hayumo, mpenzi wa kwaya hayumo. Kijana anaijua hii au angeweza kuiuliza, lakini nyumbani wameshamwambia, "Yaya, usiguse faili, tukiongeza mtu tutarudi nyuma." Familia zinaogopa, na zina sababu. Kwa hiyo binti anafichwa. Kwenye mahojiano kijana anasema yuko peke yake, jioni anamwambia binti amsubiri. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, hata waliokuwa wameshapangiwa ndege safari zao zilifutwa. Wako waliokuwa wameaga watu na kugawa masufuria. Hebu andika hadithi hiyo: kijana ameshamwacha mpenzi wake kwa heshima zote, halafu kesho yake yuko kwenye foleni ya unga, yeye na binti, na kati yao watu sita.

Hapo ndipo penye hadithi zetu, bana. Kwenye filamu mpenzi wa kwanza anapotea miaka kumi, halafu mnakutana uwanja wa ndege. Huku hapotei. Kutoka kambini kunahitaji kibali, ataenda wapi? Anakaa mstari wa tatu kutoka kwenu. Mnakutana bombani, ana dumu la lita 20 na mtoto mgongoni ambaye si wako, na mama yako anamsalimia kwa jina. Mnajua kila kitu cha mwenzako: nani anaumwa, nani amekosa mgao, nani jana alilia usiku, maana kuta zetu zinasikika. Kusamehe mtu unayemwona kila asubuhi ni kazi nyingine kabisa. Na kumrudia, na mtoto yupo, na majirani wanahesabu siku, na shangazi anasema "huyo alishatumika" kama anazungumzia sabuni! Hapo kijana anahitaji moyo mkubwa kuliko wa kushuka na begi la magurudumu. Wako waliofanya hivyo, mimi nawafahamu na nyinyi mnawafahamu. Wanaishi vizuri tu. Hakuna aliyewaandika.

Na msiniambie wasichana waandike wenyewe. Wanaandika. Lakini kijana akituma hadithi ya mapenzi tunamwita mshairi, binti akituma tunaanza uchunguzi: huyo Patrick ni nani, ni yule wa zoni gani? Mwezi uleule habari imefika kwa baba. Kwa hiyo wanatuma bila jina, au wananipa mimi nitume, na nyinyi mnanipongeza kwa kazi isiyo yangu. Mbili mlizozisifia sana mwaka huu ziliandikwa na wasichana. Sisemi zipi.

Kaka mmoja alinijibu kwamba hadithi ya mwanaume anayemrudia mwenye mtoto haina utamu, si mapenzi hayo, ni huruma. Nilimuuliza, yule binti aliyempokea mwanaume aliyeishi na mwanamke mwingine miaka saba, hayo yalikuwa nini? Bado hajajibu, na meseji ameiona tangu Jumanne.