Panya Hapulizi

Wazee wetu husema panya huuma na kupuliza, ndiyo maana aliyelala haamki. Ndugu zangu wa Mafia, panya tumsingizie mengine, hili silo lake. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usingizini. Panya aliuma, ni kweli. Lakini aliyepuliza ni sukari, nayo ilianza kupuliza miaka mingi kabla panya hajaingia chumbani.

Sukari ikizidi katika damu siku nenda siku rudi, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu kuliko yote ndiyo ile inayofika nyayoni, na hiyo ndiyo hutangulia kufa: ganzi huanzia vidoleni, ikapanda kama mtu anayevaa soksi. Ajabu ni kwamba kwa wengi, kabla ya kunyamaza, mishipa hupiga kelele. Nyayo huwaka moto usiku, shuka likigusa tu mtu anaruka. Kisha moto unazima, na mzee anajisifu kwamba mizizi aliyochemshiwa imemfaa! Sukari yake ikiwa bado iko juu, huko si kupona. Mlinzi amefia lindoni.

Nasi tunajijua tunavyoishi. Bamvua likitoa maji, watu wa Jibondo na Juani hushuka mwambani kutafuta pweza, wengine peku. Mwamba una ncha, taa ana mwiba, na mwenye ganzi anarudi nyumbani akidondosha damu njia nzima, asijue mpaka aulizwe. Kidonda kisichouma hakipelekwi hospitali. Hukanyagiwa kila siku, hata mguu ukakatwa kwa jeraha ambalo mwenyewe hakulilalamikia hata mara moja.

Basi tusingoje maumivu yatuletee habari. Nendeni Kilindoni, hospitali ya wilaya, mkapime sukari. Kabla ya kula asubuhi, kipimo kikisoma 7 (mmol/L) au zaidi, usiondoke bila kuonana na daktari. Mwenye kisukari tayari aombe kupimwa nyayo kwa ule uzi wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Maji ya kuoshea miguu, mwingine ayapime joto kwa mkono wake. Na kila jioni mwite mjukuu mwenye macho mazuri, umpe nyayo azikague, hata katikati ya vidole. Akisema, "Babu, hapa pana damu," usimbishie.