Mota ya Mashua Ikikataa Kuwaka

Ndugu wasomaji wa Uvira, Baraka na Kalemie, pepo za kusini zivumazo juu ya Tanganyika wakati wa kiangazi mnazijua kuliko sisi. Mashua iliyojaa mama na watoto, mota ikizimika karibu na mawe na kukataa kuwaka tena, haina nafasi ya kutafuta kosa. Heri litafutwe mashua ingali imefungwa pwani.

Wengi wakigeuza ufunguo na kusikia kimya huilaumu starta, wakanunua nyingine kwa fedha nyingi. Sisi twasema: starta iwe ya mwisho. Kwanza tazameni kama gia iko katikati, maana mota nyingi hazikubali kuwashwa gia ikiwa imeingia. Tazameni na fyuzi. Tena ile kamba nyekundu ya usalama avaayo nahodha mkononi, kwani ikichomoka mota haitawaka hata mkihangaika mchana kutwa.

Kisha sikilizeni. Ikilia ta-ta-ta upesi upesi, mara nyingi betri ni dhaifu au vichwa vyake ni vichafu. Ikilia ta mara moja tu, umeme mwingi haufiki kwenye starta, au starta yenyewe imekwama.

Mwenye kipima-volti asikisie. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha karibu 12.6, ikionyesha 12 tu, ikachajiwe. Halafu mguse kichwa cha betri kwa ncha moja ya kipimo, na kibano cha waya kwa ncha ya pili, mwenzenu akigeuza ufunguo. Mkiona nusu volti, kosa ni hapo hapo, katika uchafu ambao pengine macho hayauoni. Fungueni waya mweusi wa hasi kwanza, na kuurudisha mwisho. Sugueni kwa msasa hata chuma king'ae, mkaze kwa nati ya spana. Ile yenye mabawa, ikazwayo kwa vidole, hulegezwa na mtikisiko wa mawimbi. Sigara iwe mbali, kwa kuwa betri ikichajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Waya huo mweusi una mwisho wa pili, uliofungwa kwenye mwili wa mota. Huo husahauliwa na karibu wote. Nao usuguliwe vile vile.

Na kamba ya kuvutia kwa mkono, kama mota yenu inayo, ikae ndani ya mashua, si nyumbani juu ya kabati.