Simu ya 999 Kitengela haina daraja linalojulikana



King'ora cha polisi kinaposikika jioni kwenye Barabara ya Namanga, madereva waliobanana kati ya Athi River na katikati ya Kitengela hubaki kubahatisha. Huenda gari linakimbilia nyumba inayovunjwa sasa hivi. Huenda kuna ajali upande wa Isinya. Huenda pia ni mheshimiwa anayewahi mkutano, na gari la kumfungulia njia limetangulia. Sauti ni ile ile. Ndiyo maana wengi hawasogei mpaka waone taa kwenye kioo, na dereva wa matatu yenye muziki mkubwa hasikii kitu hata gari la polisi likiwa limemganda nyuma. Lawama huwaangukia madereva, na kwa kiasi fulani wanazistahili. Kasoro yenyewe, hata hivyo, huanza kwenye simu: namna wito unavyopokewa na kupangwa kabla gari halijawashwa.

Hakuna polisi duniani wenye magari ya kutosha kila simu, hivyo kupanga ni lazima. Upangaji wa kawaida hutokana na maswali machache. Je, kuna mtu aliye hatarini wakati huu? Uhalifu bado unaendelea? Mshukiwa angalipo, au ameondoka dakika chache tu zilizopita? Jibu likiwa ndiyo, wito huo ni wa daraja la kwanza na gari huenda na taa na king'ora. Mtu aliyeamka akakuta pikipiki yake imeibwa usiku anastahili kuhudumiwa, ila hakuna sababu ya kuhatarisha waendao kwa miguu kwa ajili yake. Katikati ndipo penye ugumu: ugomvi wa mume na mke uliotulia kwa muda, mtoto wa jirani anayelia bila kukoma, mzozo wa mpaka wa shamba ambao asubuhi ni maneno na mchana ni panga. Hapo ujuzi wa anayepokea simu una thamani kuliko kasi ya dereva.

London, mji ambako nambari ya dharura 999 ilianza tarehe 30 Juni 1937, polisi hugawa miito hiyo wazi wazi. Wito wa dharura kabisa hulengwa kufikiwa ndani ya dakika 15, na ule unaofuata ndani ya saa moja. Marekani idara nyingi za polisi husema "Code 3" kwa safari ya taa na king'ora, na "Code 1" kwa safari ya kawaida inayofuata sheria zote za barabarani. "Code 2" iko katikati, na maana yake hubadilika kutoka mji hadi mji. Malengo hayo ya London mara nyingi hayafikiwi, na magazeti ya huko hayachoki kulalamika. Lakini angalau kuna kitu cha kulalamikia. Neno "mara moja" halipimwi kwa saa.

Kenya nambari 999 ilinyamaza mwaka 1998 na kurejeshwa 2013, miaka 15 baadaye. Mwaka uliofuata serikali iliipa Safaricom kandarasi ya mtambo wa kamera na mawasiliano ya polisi, uliojengwa kwa ajili ya Nairobi na Mombasa. Kitengela iko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Wakazi wake wengi hulala Kaunti ya Kajiado na kufanya kazi Nairobi, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini Kitengela. Kwa idadi hiyo, Kitengela imeshapita kuitwa kituo cha biashara cha kando ya barabara, lakini mwenye shida usiku bado hutafuta kwanza nambari ya simu ya mkononi ya afisa anayemfahamu, kisha ya chifu, ndipo akumbuke nambari za dharura, 999 au 112. Anayejibiwa mara nyingi huulizwa yuko wapi, akaeleza, kisha akaambiwa asubiri. Asubiri dakika kumi au mpaka kupambazuke? Hilo haambiwi. Jibu la kwamba gari lipo ila halina mafuta limezoeleka kiasi cha kuwa mzaha nchini, na huo ni mzaha mbaya.

Swali la "uko wapi" nalo si jepesi. Mitaa kama Milimani, Yukos, Acacia na Korompoi imekua haraka kuliko majina ya barabara zake. Mpigaji huelekeza kwa kanisa, mnara wa simu, lango jeusi au duka ambalo huenda lilifungwa mwaka jana. Aliye karibu na mpaka wa Machakos anaweza kuwa ng'ambo, katika kaunti nyingine, bila kujua. Dakika zinazopotea hapo hazirudishwi na king'ora chochote.

Kuhusu uendeshaji wenyewe, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huyaruhusu magari ya polisi, zimamoto na ambulensi kuvuka kikomo cha kasi pale ambapo kukifuata kungezuia kazi. Kikomo mijini ni kilomita 50 kwa saa, na kwa magari madogo kwenye barabara kuu ni hadi 110. Ruhusa hiyo haifuti wajibu wa uangalifu: kifungu cha 46, kinachohusu kusababisha kifo kwa uendeshaji, hakimwachi nje dereva mwenye sare. King'ora huomba njia tu. Hakimpi dereva barabara. Kwenye makutano dereva aliyefunzwa hupunguza mwendo hata akiwa na haki ya kupita, maana mwenye bodaboda aliyeona gari la kwanza likipita huingia barabarani bila kufikiria la pili. Kuna pia safari za daraja la kwanza ambazo king'ora huzimwa makusudi zinapokaribia mwisho, ili majambazi wasipewe onyo la nusu kilomita. Kwa hiyo kimya si dalili ya uzembe kila mara, na kelele si dalili ya dharura.

Redio ambayo polisi hupewa maelekezo kwayo nayo ina historia yake. Polisi wa jimbo la Illinois walianza mwishoni mwa miaka ya 1930 kutumia namba zinazoanza na kumi, 10-4 ikimaanisha "nimekuelewa", kwa sababu mitambo ya wakati huo ilikata silabi ya kwanza na masafa yalikuwa finyu. Baadaye kila idara ilijitungia maana zake, hata majirani wakashindwa kuelewana, na kufikia 2006 serikali ya Marekani ilidai lugha ya kawaida katika matukio yanayounganisha idara nyingi.

Somo hilo linaigusa Kajiado moja kwa moja. Chini ya Katiba ya 2010, polisi ni wa serikali ya kitaifa, ilhali zimamoto na ambulensi ni kazi ya kaunti. Lori la mafuta likipinduka Isinya, wanaokutana hapo wana wakubwa tofauti. Msimbo wa siri hauwasaidii. Kiswahili cha wazi, kikisemwa kwa mpangilio wa mahali, tukio, majeruhi na njia iliyo wazi, kinatosha.

Kinachodaiwa na wakazi si kikubwa. Madaraja ya miito yatangazwe na kubandikwa kila kituo, pamoja na muda unaolengwa. Mpigaji aambiwe daraja lake na apewe nambari ya kumbukumbu, kama anavyopewa nambari ya kitabu cha matukio (OB) anapoandikisha kisa kaunta. Saa ya simu, ya kuondoka na ya kufika ziandikwe. Misafara ya waheshimiwa isiyo na dharura inyimwe king'ora. Malengo nayo yalingane na ardhi: kwa kilomita 110 kwa saa, dakika 15 ni kilomita 27 na nusu, kwa hiyo ahadi ya dakika 15 inawezekana Noonkopir, lakini kwa boma lililo ndani ya Mashuru, ambako lami imeisha zamani, ingekuwa uongo tangu siku ya kuandikwa. Huko iandikwe saa moja, au hata mbili, mradi iandikwe.

Msomaji,
Kitengela